Salfa ya Mikorosho Kwenye Waridi la Hamida

Umande haujakauka Kitangari, na Hamida Abdulazizi hatulii. Anainamia kisiki cha waridi, anakikagua, anaondoka. Anaanza kumwagilia miche ya asumini, anaiacha ndoo njiani, anarudi kwenye kisiki kile kile.

Hicho ndicho mama wa kitalu chake. Kwa miaka tisa, kila mche wa waridi aliouza Newala hata Masasi ulikatwa hapo. Kikifa, hana pengine pa kukata.

Mwezi uliopita majani yalijikunja na kufunikwa na unga mweupe. Mkulima wa huku haulizi huo ni ugonjwa gani. Ni ubwiriunga, ule ule unaoua maua ya mikorosho, na dawa yake kila nyumba inaijua: salfa, ule unga wa njano. Mumewe, Yassini, anayo, na bomba la kuipulizia analo.

Tatizo ni kwamba salfa hupulizwa alfajiri, na alfajiri zote bomba lilikuwa shambani. Hamida hakuwa na subira. Liliporudi saa saba mchana, jua likiwaka, alilibeba mgongoni akalimwagia waridi unga wa kutosha mkorosho mzima.

"Nilipuliza mpaka likawa la njano, nikajisifu kabisa," anasema. "Kesho yake majani yameungua. Nililia, sikuona haya."

Yassini alimpa pole, kisha akamtania kwamba bora ang'oe apande mihogo. Utani ule ulimchoma, na siku mbili hawakusemeshana zaidi ya salamu.

Bwana shamba alimweleza kuwa jua na wingi wa salfa ndivyo vilivyounguza, akamshauri akate matawi yote mabovu na kuyachoma. Alikata yote, kikabaki kisiki. Mpaka leo kisiki hakijachipua.

Kusubiri kumemchosha. Amevaa khanga safi, amesimamisha bodaboda ya kwenda Mnyambe kwa Bi Shakila, mteja wake wa zamani, ambaye waridi alilolinunua kwake sasa limefunika ukuta mzima. Anataka matawi mawili: moja la hapa, jingine la kwa dada yake kijijini Chiungutwa, asitegemee tena shina moja.

"Siku aliyonunua kwangu aliniomba nyongeza ya mche mmoja, nikamnyima," anasema akipanda pikipiki. "Leo naenda na shikamoo yangu, nikae mkekani, niombe. Akinipa, naanza upya. Akininyima, sitoki."