Nesi wa Kuchorwa

Kazini walimwita Bi Kitufe, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa ubishi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha programu za simu zinaeleweka na watu ambao hawajawahi kuzigusa: bibi aliyenunuliwa simu jana, babu anayeogopa kubonyeza asije akaharibu kitu cha watu. Angeweza kumaliza kikao kizima akigombana na mafundi kwa ajili ya neno moja. Wao wameandika "thibitisha uwasilishaji", yeye anafuta, anaandika "tuma". Wakinung'unika, anawaambia wameandikiana wao kwa wao.

Ukaidi huo aliutoa kwa mama yake, fundi cherehani aliyelea watoto wawili mguu ukiwa juu ya pedali. Mama yule hakuwahi kumuuliza mteja kama nguo imemkaa. Alimwambia, "Inua mikono, kaa, inama," halafu akaangalia kwapa na kiuno kwa macho yake. Watu wana haya, alimweleza bintiye, watakusifia nguo inayowabana ili wasikuvunje moyo. Bi Kitufe akalipeleka hilo ofisini, likawa sheria. Anayejaribu programu anapewa simu, anaambiwa anachotakiwa kufanya, kisha nyote mnafunga midomo. Huonyeshi kwa kidole, hata nyusi huinui. Akihangaika mwache ahangaike, maana siku ya siku wewe hutakuwepo.

Basi wakapata kazi ya kliniki moja ya moyo. Wagonjwa wazee walitakiwa wawe na programu kwenye simu, na kifua kikimbana mmoja wao, abonyeze mara moja tu, gari limfuate nyumbani. Bi Kitufe aliifanya kazi hiyo kwa roho yake yote, kwa sababu mama yake alikuwa akitibiwa hapo hapo. Ukurasa hakuujaza vitu. Katikati aliweka picha kubwa ya nesi anayetabasamu, ili mtu aliyeingiwa na hofu atulie, na chini yake kitufe chekundu kilichoandikwa "Naumwa, njooni". Nesi alimchora mwenyewe, na alikuwa pambo tu. Ukimgusa hafanyi lolote.

Wazee tisa walijaribu, wote wakafaulu. Wa kumi hakutokea, na ripoti ilitakiwa Ijumaa. Alhamisi mchana Bi Kitufe akapita kwa mama yake, akamkuta anapinda suruali ya mtu, akampa simu. Akamwambia afanye kama vile kifua kinambana.

Mama akavaa miwani, akaangalia vizuri, akaweka kidole usoni mwa nesi. Akasubiri. Akaweka tena.

Nisikufiche, hapo ndipo binti alipokosea, na alijua kwamba anakosea. Alikuwa amechoka, ripoti inamkaba, na mama alishaanza kutabasamu kile kitabasamu cha kuona aibu. Nani ana moyo wa kukaa kimya akimtazama mama yake anaaibika? Akamshika kidole, akakishusha. "Siyo hapo, mama. Hapa chini, kwenye chekundu." Simu ikaitika. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu. Mbona rahisi."

Yeye aliyewainulisha wateja mikono maisha yake yote, siku hiyo akamsifia bintiye nguo inayombana. Binti naye akaipokea sifa. Kwenye ripoti akaandika kwamba kumi kati ya kumi wamefaulu. Wakati wa kuaga akamsihi mama, siku akijisikia vibaya, asipoteze muda kumpigia yeye. Yeye si daktari. Abonyeze pale, wenye gari na dawa ndio watakaokuja. Mama akasema sawa.

Miezi miwili baadaye, Jumanne, saa nne asubuhi, jirani alimkuta mama kwenye kiti cha cherehani, kichwa kimeegemea ukuta, simu mapajani. Alikuwa ameshakata roho.

Msibani watu walisema amekwenda ghafla, hakuteseka. Kaka yake Bi Kitufe alimwambia hivyo kila aliyekuja kutoa pole, na maneno hayo yalimsaidia kusimama. Bi Kitufe naye aliyashikilia siku tisa. Siku ya kumi akarudi kazini, akafungua kumbukumbu za programu kwa simu ya mama, asubuhi ya Jumanne ile. Kila mguso huwekwa humo, saa yake na mahali pake, kama kidoti chekundu juu ya picha ya ukurasa.

Vidoti vilikuwa thelathini na nane. Vyote vilikuwa usoni mwa nesi, vimerundikana kama vipele vya surua. Cha kwanza saa tatu na dakika tano, cha mwisho saa tatu na dakika ishirini na sita. Mwanzoni aligusa polepole, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Kisha harakaharaka. Kisha kimoja, na baada ya muda mrefu kimoja tena. Kwenye kitufe hakukuwa na hata kimoja. Wala hakumpigia bintiye, kwa kuwa alikatazwa.

Bi Kitufe akaingia chooni, akafungua bomba ili wenzake wasisikie, akalia. Dakika ishirini na moja mama yake alikuwa akimwita mtu wa kuchorwa, na aliyemchora ni yeye. Wenzake aliwaeleza kila kitu siku hiyo hiyo. Hajamwambia kaka yake mpaka leo.

Ukurasa ulibadilishwa wiki ile ile. Sasa ukigusa kitufe, ukigusa nesi, ukigusa popote, gari linaitwa. Kliniki ilileta barua ya shukrani, naye akaikunja kabla hajafika katikati.

Juzi alikuja bibi mmoja kuijaribu. Bi Kitufe alikaa pembeni, mikono ameikalia, kama sheria inavyotaka. Bibi akavaa miwani, akaangalia, akaweka kidole usoni mwa nesi. Simu ikasema, "Tunakuja." Bibi akageuka kwa furaha, akamkuta mwenyeji wake analowa machozi hadi shingoni.

"Vipi, mwanangu? Nimekosea?"

"Hapana, mama," alisema Bi Kitufe. "Wewe hukukosea."