Moyo wa Dalila Ulipokwenda Mbio

Dalila alikuwa msusi wa mikeka katika kisiwa cha Chula, na ukili wake, ule msuko wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, ulisifiwa hadi Kismayo kwa kukazwa vizuri. Mumewe, Mukhtari, alikuwa fundi wa kuunda mashua. Waliishi nyumba moja na mamake Mukhtari, na kwa miaka yote ya ndoa hawakujaliwa mtoto. Mimba moja iliingia, ikatoka. Baada ya hapo watu walimwuliza habari kwa macho.

Ugonjwa ulimwanzia kisimani. Alikuwa amejitwika ndoo kama kawaida yake, mara moyo ukamwenda mbio kama wa mtu aliyekimbizwa, na mgongo ukamkata kwa chini. Akaitua ndoo, akakaa mpaka moyo ukatulia. Baadaye hata ndoo haikuhitajika. Kutoka jikoni hadi uani kulitosha kumkata pumzi.

Kila mtu aliupa ugonjwa ule jina lake. Mukhtari alisema ni kuinamia ukili kutwa, akawa anamkanda mgongo kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto. Mavyaa wake, mamake Mukhtari, alisema ni jicho la watu, akamwandikishia kombe kwa mwalimu wa chuo, aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, naye Dalila akalinywa kwa adabu. Muuza dawa alisema ni presha, akampa vidonge vya maumivu. Mgongo ulipoa kidogo. Moyo haukupoa.

Lakini kulikuwa na jambo alilolijua Dalila peke yake. Siku zake za mwezi zilikuwa hazikatiki. Damu ilimtoka kwa wingi, ikapumzika, ikarudi. Nguo zake alizifua kwa siri na kuzianika chini ya khanga nyingine. Saa za sala zilipofika aliingia chumbani, akatandika msala, akakaa juu yake bila kusali, ili mavyaa wake akipita mlangoni amwone kama mtu aliye tohara. Hilo lilimwuma kuliko mgongo. Alichelea kwamba ikijulikana, itasemwa kizazi chake kimeharibika na Mukhtari atatafutiwa mke mwingine.

Basi Bimdogo, dadake Mukhtari aliyeolewa Kismayo, akaja Chula kwa harusi. Wanawake walikuwa uani wakichambua mchele. Dalila aliinuka kufuata ungo, akaanguka. Bimdogo alimdaka, akamvuta kope la chini, akaona ndani kumekuwa kweupe kama nyama ya ngisi. Hakuuliza mengi. Alimwambia kakake kwamba mgonjwa huyu harudi tena kwa muuza dawa, na kesho yake wakapanda boti wote watatu kwenda Kismayo.

Daktari wa hospitali hakuwa na haraka. Alimgonga Dalila mgongoni chini ya mbavu, akamwuliza kama mkojo unamchoma, kama ana homa ya kutetemeka, kama kifua kinambana. Akampima moyo kwa mashine. Aliwaeleza kwamba moyo kwenda mbio pamoja na mgongo kuuma si ugonjwa mmoja: pengine ni figo, pengine moyo wenyewe, pengine damu imepungua, na hata hofu ya muda mrefu huweza kuleta hali hiyo. Kisha akamwuliza kuhusu siku zake. Dalila alimtupia jicho mumewe, akajibu kwamba ziko sawa.

Daktari na Mukhtari walipotoka kufuata majibu ya damu, Bimdogo alivuta kiti karibu.

"Wifi, tangu nifike Chula sijakuona ukisujudu. Nimenyamaza kwa kuwa ni siri yako. Sasa niambie."

Dalila alilia kwanza, kisha akasema yote.

"Wakinitoa kizazi, nitarudi Chula kama nani?" aliuliza.

"Kama mtu aliye hai," Bimdogo alimjibu.

Daktari alipoambiwa akapima tena, na vipimo vikathibitisha. Ndani ya kizazi mlikuwa na uvimbe, si saratani, lakini ulikuwa umekua hadi kuegemea mgongo. Damu ilikuwa imeshuka mno, na moyo ulikimbia ili kukizungusha kidogo kilichobaki. Ilibidi aongezwe damu, kisha apasuliwe. Bimdogo ndiye aliyemweleza kakake nje. Mukhtari alipoingia, alikaa kando ya kitanda, akasema, "Umeyabeba haya peke yako, na mimi nakukanda mafuta." Akakubali apasuliwe. Damu yake haikuafikiana na ya mkewe. Ya Bimdogo iliafikiana.

Kizazi hakikuokoka. Dalila alirudi Chula na moyo uliotulia, lakini kwa muda mrefu alikuwa kama aliye matangani bila maiti. Mavyaa wake aliligusia suala la mke wa pili siku moja kwenye chakula. Mukhtari akanawa mikono, akaondoka. Halikutajwa tena mbele ya Dalila. Kama linatajwa nyuma yake, hajui, wala haulizi.

Mwaka uliofuata jirani yake, Rukia, alimjia akilalamika moyo na mgongo vilevile, akitaka kuambiwa kama naye ana uvimbe. Dalila alimwambia hajui, na asikubali kuambiwa na asiyempima. Alifuatana naye hadi Kismayo. Kwa Rukia zilikuwa figo, zimeingia maradhi, na dawa zake zilikuwapo. Akaambiwa pia kwamba ana mimba, na mimba iko salama.

Dalila ndiye aliyempokelea dawa na kumshika mkono kushuka ngazi. Kwenye boti alimpisha akae penye kivuli, kisha akamwuliza kama amebeba maji ya kunywa.