Kidole cha Delko Kwenye Kitenge cha Mama

Papa, baba yangu, alikuwa na gari ndogo nyekundu ya watu wawili, kofia yake ya turubai, taa zake mbili za duara kama macho ya mutu aliyeshangaa. Ilikuja huku na muzungu mumoja wa mashamba ya pareto kule Kibumba. Muzungu alipoondoka, akamuachia fundi wake, na fundi wake alikuwa papa. Gari ya mashindano, iliyolala chini hivi, kwa barabara za Goma zenye mawe meusi! Watu walicheka. Papa aliwajibu, "Chekeni tu, mi nitafika." Na alifika, polepole, akikwepa kila jiwe kama mutu anayepita kati ya watoto waliolala.

Kila jioni akiingia kiwanjani kwetu Katoyi, alifungua kapo, yaani boneti, akatoa kifuniko cha delko, akachomoa kidole. Hivyo ndivyo mafundi wanavyokiita: kipande kidogo cha plastiki nyeusi chenye shaba juu, kinachozunguka na kugawa moto kwa mabuji, zile plagi. Bila hicho gari haiwaki, hata mwizi awe na funguo kumi. Alikipangusa kwa shati lake, akamupa mama. Mama alikifunga kwenye ncha ya kitenge chake, fundo gumu, na kulala nalo.

Asubuhi:

"Mama watoto, nipe kidole."

"Kwanza kunywa chai."

"Nitachelewa, nipe kidole."

"Chai iko hapa. Kidole kiko hapa. Anza na chai."

Wazazi wangu sikuwasikia hata siku moja wakiambiana maneno ya mapenzi. Nilisikia hayo ya kidole na chai, asubuhi zote za utoto wangu.

Sasa nitawasema waliovunja hayo. Majina siandiki, lakini mutaa wote unawajua. Wa kwanza ni jirani wa geti la rangi ya bleu, aliyekula idi na sisi, halafu akaenda kumuambia komanda wa waasi kwamba hapa kuna gari nzuri ya bure. Wa pili ni huyo komanda, aliyekuwa anakaa Himbi kwa nyumba ya mutu mwingine, anaoga ziwani kama mutalii. Leo anavaa kravati shingoni na watu wanamupigia makofi. Wa tatu nitamufikia.

Askari wa komanda walikuja saa sita mchana. Papa alikataa kutoa funguo. Alisema gari si ya vita. Wakamupandisha nyuma ya kamioneti yao, akiwa na kandambili muguuni, na hatukumuona tena, wala maiti, wala kandambili.

Kesho yake walirudia gari. Funguo walikuwa nayo sasa, walimunyang'anya papa. Siku waliyomuchukua papa ilikuwa ya mapumuziko, gari haikutoka, kwa hiyo kidole kilikuwa bado kwenye fundo la mama. Walijaribu kuwasha, wakajaribu tena, haikuwaka. Mama aliketi kwa ngazi akichambua maharage.

"We mama, hii gari iko na nini?" askari akauliza.

"Mi najua mafuta ya kupikia tu, mutoto wangu."

Wakaenda kuleta fundi. Huyo ndiye wa tatu. Papa alimufundisha kazi toka hajui kushika spana, na sahani yake ilikuwa nyumbani kwetu. Alifungua delko, akaona pengo. Akamutazama mama, akaitazama ncha ya kitenge. Alijua. Akasema, "Hii moteri imekufa, afadhali tuitoe tuone." Kwa kunyamaza kule namushukuru. Lakini aliing'oa moteri ya papa kwa spana za papa, akaipakia, na hakurudi hata kutoa pole. Sijamusamehe, na nikikutana naye sokoni napita upande mwingine.

Basi gari ikabaki na tumbo wazi. Nami nikaacha shule, nikashika spana ili tule.

Halafu volkano. Lava ilishuka mujini, ikala garage aliyokuwa anafanya kazi papa, ikala barabara, na watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Mama alisimama mulangoni, hataki kutoka.

"Gari inaenda na sisi."

"Mama, haina moteri!"

"Basi ni nyepesi. Sukuma."

Tuliisukuma kuelekea Sake, mama ameshika usukani, yeye ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Watu wanakimbia wanatucheka huku wanalia. Mumoja akapiga kelele, "Mama, ongeza moto, utatupita!" Halafu huyohuyo akaweka muzigo wake chini ya kapo, palipokuwa moteri, akasukuma na sisi. Nyumba yetu ilipona. Tuliirudisha gari vilevile, kwa mikono.

Sisi asili yetu ni Maniema, Waislamu. Mwanamuke akifiwa na mume anakaa eda: anavaa nguo nyeupe, anabaki ndani muda uliowekwa, anamuombea, na kilio kinakuwa na mwisho. Mama alikataa. Shangazi zangu walikuja, watu wa muskiti walikuja, kwa upole wote.

"Nitakaa eda ya nani?" aliwauliza. "Gari yake iko. Kidole chake kiko kwangu. Akirudi atakiomba."

Miaka ikapita. Waasi wakaondoka, wengine wakaja na jina lingine. Mama akazeeka na masikio yake getini. Gari ikigonga jiwe huko nje, anaacha kula. Mutu akipiga hodi, anashika fundo kwanza, ndiyo anaitika. Mi ndiye nilikuwa nalala chumba cha pili, najua. Sikutaka kingine: apumuzike kabla hajafa. Asife akisikiliza geti.

Siku moja aliniambia, "We si fundi? Tengeneza ile gari. Ikitembea, nitajua la kufanya."

Nilitafuta moteri kama ile, Goma, Butembo, mupaka Uganda kwa marafiki. Hakuna. Zile za zamani watu waliziyeyusha aluminiamu yake wakafanya masufuria. Pengine moteri ya papa tumeipikia fufu. Ndipo nikapata moteri ya kisasa, ya injeksio, inayorushiwa mafuta kwa sindano, kutoka kwa gari ya Kijapani iliyogongwa nyuma kwa barabara ya Rutshuru. Mbele ilikuwa nzima. Ilishuka kutoka Kibumba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali tunayobebea viazi, imefunikwa majani ya kabichi ili askari wa barriere, wale wa kizuizi cha barabara, wasiione.

Rafiki yangu alinisaidia, fundi umeme wa Butembo, Mukatoliki wa kuimba kwaya. Ananiita Alhaji, mi ambaye sijafika hata Kisangani.

"Alhaji, unamuwekea bibi kizee moyo ya kijana. Atakimbia akuache."

"We funga nyaya."

Tulikata vishikio vya zamani, tukachomelea vipya. Sampu, bakuli la oili chini ya moteri, ilikuwa inagusa chuma cha mbele, tukaipunguza na kuichomelea upya. Kardani, chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, tulifupisha. Pompe ya umeme tukaizamisha ndani ya tanki, maana injeksio inataka mafuta yanayosukumwa kwa nguvu. Kalkilateri, yaani ubongo wake, tuliifunga na plastiki chini ya kiti, kwa ajili ya mvua na lile vumbi letu jeusi. Na siku zote nilizokuwa naunganisha nilijua jambo moja ambalo sikumuambia mama: moteri hii haina delko. Kila buji lina bobini yake ya kulipa moto. Kidole hakina pa kuingia.

Siku ya kuwasha, mama aliletewa mukeka, akaketi karibu na gurudumu. Shangazi mumoja alikuja naye. Nikageuza funguo. Moteri ikazunguka, ikazunguka, ikapiga chafya, ikanyamaza. Tena. Kimya.

Mama akaanza kufungua fundo. Kitenge kile si kile cha zamani, alikuwa anahamisha kidole toka kitenge hadi kitenge. Akakitoa, shaba yake inang'aa, maana alikuwa anakisugua na majivu. Akakinyoosha kwangu.

"Si inatafuta hiki? Weka."

Rafiki yangu akaniinamia sikioni. "Kaka, kifunge pembeni na utepe wa skochi, hata popote. Bibi afurahi. Nani atajua?"

Ilikuwa rahisi. Angefurahi kweli, na angeendelea kungoja mutu wa kukichomoa jioni. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, hii ni moteri nyingine. Haina nafasi yake."

"Hakuna hata kidogo?"

"Hakuna, mama. Angalia mwenyewe."

Akainama juu ya moteri na macho yake yenye ukungu, akapapasa kwa mukono, huku na huku, kama anayemutafuta mutoto kitandani gizani. Halafu akarudi kukaa.

Rafiki yangu alikuwa ananusa tanki. "Alhaji! Mafuta ulibebea nini?"

"Bidon ya njano."

"Ile ya maji ya ziwa?"

Ya maji ya ziwa, ndiyo. Goma nzima bidon, lile dumu la plastiki, ni moja: asubuhi maji, mchana esanse, yaani petroli, jioni kasiksi, pombe ya ndizi. Moteri ya papa ingekunywa na kukohoa kidogo tu. Hii ya injeksio ilikataa tone la kwanza la maji.

"Hii iko na koo ya kizungu," akasema. "Leta mafuta ya kituo, na chupa kavu!"

Tulimwaga tanki, tukapuliza mirija, tukasafisha sindano moja moja. Nikageuza funguo. Ikawaka. Sauti yake laini, haikohoi, haina kelele ya moteri ya papa hata kidogo. Mama alikuwa bado ameshika kidole mukononi.

"Imewaka," akasema. "Na hiki niko nacho hapa."

"Ndiyo, mama."

"Bila yeye."

"Ndiyo, mama."

Nilimubeba nikamuweka kiti cha pili, kiti chake. Tukazunguka mutaa polepole, nikikwepa mawe. Tulipita geti la bleu na mama hakugeuza kichwa. Mi niligeuza, nikabonyeza honi mupaka yule muzee akatoka. Mama akanipiga paja. "Wacha. Endesha."

Tuliporudi, alimuambia shangazi, bila kulia, "Da, zile nguo nyeupe ulizoniwekea, bado ziko?"

"Ziko."

"Nenda uzilete."

Akaingia ndani. Pazia likateremushwa mulangoni, na tukaanza kusikia dua yake kwa jina la papa, jina ambalo hakuwa ametamuka pamoja na neno marehemu tangu siku ya kandambili zile.

Jioni nilikuwa nafunga kapo akaniita, mi mutoto wake nina ruhusa ya kuingia. Amevaa meupe, mudogo kabisa kwenye kitanda. Akaniwekea kidole mukononi. "Hiki kaa nacho wewe. Usipoteze." Kisha akauliza, "Na hii mupya, inafichwa namna gani? Watu wa bunduki hawajaisha."

Nikatoka, nikafungua sanduku la fiyuzi, nikachomoa rilei ya pompe, kijiboksi cheusi kama kipande cha sabuni. Bila hicho mafuta hayapandi. Nikakipangusa kwa shati langu, nikamupelekea.

Alikipima uzito kwa kiganja, akakifunga kwenye ncha ya nguo nyeupe, fundo gumu.

"Asubuhi kuja ukichukue," akasema. "Lakini kwanza utakunywa chai."