Treni Ajifunza Kutua

Mtaani walimwita Treni kwa ule mshindo wake. Alikuwa mwoka mikate, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwenye mikono minene na kicheko cha kutikisa madirisha. Jioni akitoka kazini alivaa raba, akashika barabara: pu! pu! pu! Mbwa walibweka, watoto walishangilia, naye akawapungia mkono kwa raha zake.

Raha hiyo iliingia doa pale mifupa ya ugoko ilipoanza kumuuma. Mumewe alimwambia aache. Treni akasema hata kwa dawa. Basi wifi yake, dada wa mumewe, aliyewahi kuwa mkimbiaji wa timu ya kiwanda kimoja, akapanda baiskeli akamfuata nyuma.

"Wifi, ukianza unakimbia vizuri tu," alimwambia walipofika nyumbani. "Ukichoka, unatwanga lami!"

"Si uzito huu jamani."

"Uzito nimeutaja mimi? Ukichoka unautupa mguu mbele huko, goti limekakamaa, kisigino kinagonga chini, na kishindo chote kinapanda mwilini. Fupisha hatua. Legeza goti. Mguu utue chini yako."

Treni alijaribu hapohapo uani. Mumewe akachungulia dirishani. "Sakafu imeshika moto?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Treni hakuacha. Alipumzisha miguu kwanza, kisha akaanza upya kwa safari fupi. Akihisi uchovu unamvuruga, alitembea kidogo bila aibu. Hata kazini alizipita meza za unga kwa vihatua vyepesi, wenzake wakimpigia makofi. Polepole maumivu yakamwachia, akajiandikisha mbio za mji.

Siku yenyewe, looo! Umati ulijaa pande zote mbili za barabara, vuvuzela zinalia, moyo wake unaruka kuliko miguu. Alipanda kilima akihema, na kileleni nguvu zikamwishia. Mbele yake palikuwa na mteremko mkali, na mteremko hauna huruma kwa magoti. Wakimbiaji waliochoka walikuwa wakiporomoka wakitwanga kwa visigino. Naye akajisikia: pu! pu!

"Ala! Nimeanza tena!"

Akafupisha hatua. Akalegeza magoti. Akaacha miguu itue chini yake, upesi upesi, na ule mshindo ukafifia. Akampita mmoja. Akawapita wawili waliokuwa wakishika viuno. Upepo ulimpiga usoni, akapiga ukelele wa furaha bila kujali anaharibu pumzi.

Alimaliza katikati ya kundi, wala hakuna aliyempa kikombe. Wifi alimrukia nusura waanguke wote wawili, na mumewe, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, akabaki kuonyesha dole gumba.

"Ugoko je?" wifi akauliza.

"Upo, umechoka tu kama mwenyewe," Treni alijibu, jasho likimtiririka. Kisha akamvuta mkono. "Hebu niambie, zile mbio ndefu zaidi wanajiandikishia wapi?"