Taulo Chini ya Kinu

Mzungu wa chini, Mnorwe, hupiga muziki peke yake kama bendi iliyokimbiwa na watu: mkono mmoja kwenye mashine ya midundo, mwingine kwenye piano ya jazi, mguu ukikanyaga ngoma za Kilatini. Hatabasamu. Akikosea huuomba ukuta samahani, kisha huanza upya. Bernadette, anayeishi ghorofa ya juu yake hapa ughaibuni, mtaa wa Gulfton, hutwanga sombe, majani ya muhogo, kila Jumamosi mchana, na kila akishika mchi, mzungu naye huongeza sauti.

"Huyo amekasirika," Déo, mumewe, alimwambia. "Ata-report ofisini kwa mwenye nyumba, watufukuze."

Basi Jumamosi hii Bernadette alitandika taulo chini ya kinu, akatwanga polepole kama anayeiba. Hazikupita dakika tano, mlango ukagongwa. Mzungu alisimama pale bila viatu, na soksi tu miguuni, vidole virefu vikipiga pajani mdundo uleule wa mchi. Aliingia bila salamu, akakiinamisha kinu pasipo kumwaga hata jani, akavuta taulo, akalikunja mara nne, akampa Bernadette mkononi na kushuka ngazi.

Huko chini kukawa kimya. Mzungu alikuwa anamsubiri aanze kutwanga.