Chupa Niliyomtegea Oddvar

Mwizi wangu hakugusa mkate. Hakugusa samaki wala mayai. Alichukua vitu vitamu tu, na nilikuwa nakaa naye gari moja, saa nane kwa siku.

Naitwa Gunnvor. Nakagua madaraja kaskazini kabisa mwa Norwei, wiki nzima barabarani. Mwenzangu alikuwa mzee Oddvar, miaka hamsini na tisa, ndiye dereva.

Kule juu ukitegemea vituo vya mafuta utakula soseji mpaka ujichukie. Kwa hiyo kila Jumapili napakia mwenyewe: mkate mweusi wa nafaka, karatasi kati ya kipande na kipande, mayai ya kuchemsha, karoti, vipakiti vya zabibu kavu, na chupa ya sharubati ya matunda mekundu.

Na kwetu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Saa tano asubuhi kila mtu anafungua chakula chake, anakula, anafunga. Huombi. Huchungulii cha mwenzio. Kuuliza ni kukosa adabu.

Januari zabibu zikaanza kutoweka. Kisha sharubati nayo ikawa inapungua.

Nikaanza kumchunguza mzee. Kuna saa jasho lilimtoka usoni na nje theluji imefika magotini. Mikono ikimtetemeka kwenye usukani. Mara anakuwa mkali bila sababu.

"Mzee, uko sawa?"

"Angalia madaraja yako, binti. Barabara niachie mimi."

Mkewe, Borghild, alikuwa amefariki Oktoba. Nikasema labda ni majonzi. Lakini majonzi ndiyo yanadokoa zabibu za watu?

Niliogopa kukaa naye, huo ndio ukweli. Halafu woga ukageuka hasira.

Jumapili moja nikamwaga sharubati yote. Nikajaza nyingine ya rangi ile ile, isiyo na sukari hata chembe. Zabibu nikaziacha kabatini, mahali pake nikaweka matango.

"Dokoa sasa, tukuone," nikasema peke yangu jikoni, nikacheka.

Jumatano tukafika mlimani, dhoruba imechachamaa. Siku kama hiyo barabara hufungwa, magari yanapita kwa msafara nyuma ya gari kubwa la kusukuma theluji. Ukishaingia kwenye msafara husimami. Ukisimama, wa nyuma hakuoni, anakuvaa.

Tulisubiri kwenye kizuizi saa mbili nzima. Saa tano ikafika, nikala mkate wangu. Oddvar hakufungua chochote.

"Huli?"

"Nimesahau nyumbani."

Nilikuwa na vipande vitatu mkononi. Nikavila.

Kizuizi kikafunguliwa, tukaingia. Baada ya dakika ishirini Oddvar akanyamaza katikati ya sentensi. Nikamtazama. Uso mweupe, jasho linatiririka. Akapeleka mkono nyuma, mbele ya macho yangu kabisa, akatoa chupa yangu, akanywa.

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Akanywa tena. Akaimaliza yote.

"Ajabu," akasema, ulimi mzito. "Leo haifanyi kitu."

"Haifanyi nini?"

"Sukari yangu, Gunnvor... inashuka... inashuka..."

Mikono ikateleza kwenye usukani. Gari likaanza kwenda kulia, kwenye vijiti vya kuonyesha ukingo wa barabara. Baada ya vijiti vile ni korongo.

Nikaurukia usukani, nikauvuta kushoto, nikapandisha breki ya mkono. Tukajikita kwenye ukuta wa theluji. Nikawasha taa za dharura na kubonyeza honi bila kuachia. Taa za gari la nyuma zikaja, zikaja, zikasimama hatua mbili kutoka kwetu.

Akashuka mama mmoja, anafoka.

"Una wazimu wewe? Kusimama kwenye msafara! Unataka kutuua wote?"

"Sukari! Una chochote kitamu?"

Alimtazama Oddvar mara moja tu, akakimbia, akarudi na kopo la jamu. Tukampaka ndani ya mashavu kwa kidole, kidogo kidogo. Mimi nalia, namtukana na kumbembeleza kwa pamoja. Zilikuwa dakika ndefu mno. Macho yake yakarudi taratibu.

Ana kisukari mwaka wa thelathini na moja huu, na sindano zake za insulini humshusha sukari asipokula. Kazini alificha, akiogopa kunyang'anywa usukani.

"Borghild ndiye aliyekuwa ananipakia," aliniambia hospitalini. "Juisi, biskuti, kila mfuko kaandika siku yake. Tangu tumzike, nafungua friji nasimama tu. Nasahau nimefuata nini. Ndiyo nikaanza kukuibia. Nisamehe, binti."

Kwenye mazishi yale nilikuwepo. Nilipeleka maua, nikala keki, nikampa mkono. Sikumuuliza sasa nani atakupakia chakula.

Mnadhani imeishia hapo?

Oddvar hajui habari ya chupa. Anaamini mwili wake ndio uliogoma siku ile. Kazini wananiita shujaa. Yeye mwenyewe ameniletea glavu za sufu za mwisho alizofuma marehemu, akasema aliyemuokoa mume wa Borghild ndiye wa kuzivaa.

Nikazivaa. Nikamshukuru. Nikanyamaza.

Ninyi ndio wa kwanza kusikia.

Basi shikeni hili: mtu akikudokolea, muulize ana shida gani kabla hujamtegea. Lilikuwa swali la sekunde tano. Sasa mimi ndiye mwenye jambo la kumwambia, na kila akinipigia kunisalimu, "Hujambo, mwokozi wangu," linazidi kunishinda.