Madebe Mawili ya Mama Anjela

Nichekeni, lakini mnisikilize kwanza. Mimi ni mjumbe wa upinzani katika Baraza la Kutunga Sheria. Juzi nilikwenda Newala kuchukua malalamiko ya maji, niyapeleke mbele ya gavana. Nilifika nimejaa vumbi la Masasi. Mwenyeji wangu, Mama Anjela, akaniwekea madebe mawili bafuni. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikayaoga yote, na kuimba nikaimba.

Mkutanoni nikatoa kalamu. "Nipeni mfano, nimwaibishe gavana."

Mama Anjela akasimama. "Bwana Mjumbe, leo alfajiri mimi na binti yangu tumeshuka bondeni, tukapanda na madebe mawili. Sasa nyumbani hakuna hata tone la kupikia."

"Nani kayamaliza, mama?" nikafoka.

Akainamisha macho. "Mgeni."

Nywele zangu zilikuwa bado zinachuruzika maji.